Fundi Mdogo Naye Apimwe

Sisi huku Muscat wazima, alhamdulillah, ila joto halina adabu. Leo sizungumzii bei ya tiketi wala nani kaolewa. Nataka tuongee juu ya afya ya watu wa karakana ndogo na wale waliojiajiri wenyewe, maana naona huku na huko tatizo ni moja.

Mnajua kwamba mimi ni karani wa hesabu kwenye karakana ya mageti na madirisha, Wadi Kabir. Tuko watu saba tu. Sisi wageni wote tumeshapimwa na daktari: damu na picha ya kifua, kwa ajili ya kibali cha ukaazi, na kibali kikiisha tunapimwa tena. Lakini vipimo vile vinatafuta kama sisi tumeleta maradhi nchini. Hakuna anayetafuta kama kazi imetuletea maradhi sisi.

Fundi wetu mmoja siku hizi mpaka umpigie kelele ndiyo akusikie. Miaka mingi yuko na msumeno wa kukatia chuma. Je, ni kazi au ni umri? Hatujui, kwa sababu siku alipoanza hakuna aliyempima masikio. Basi hata akitaka kudai haki yake, ataanzia wapi?

Siwasingizii wenyeji, sheria wanazo. Kanuni za usalama na afya kazini za 2008 zinakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, miezi ya Juni, Julai na Agosti. Na joto la huku si mchezo: Juni 2018, mji wa Qurayyat ulipitisha saa 24 nzima bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6, usiku na mchana! Mkaguzi akipita kwenye jengo la ghorofa ataona kama watu wamepumzika. Lakini fundi aliye peke yake chini ya bati, nani atamwambia pumzika?

Sasa njooni kwetu. Bara, sheria ya 2003 inataka mfanyakazi apimwe afya kabla ya kuanza kazi na kila baada ya muda. Zanzibar nayo ina sheria yake ya 2005. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa Bara ulianza 2015. Yote mazuri, lakini yote yanaanza na neno mwajiri. Shemeji yangu anachomelea vyuma Mwanakwerekwe, mwajiri wake nani? Na mama zetu wa mwani wa Paje na Jambiani, saa nzima nzima ndani ya maji ya chumvi, jua linawarudia machoni, halafu wabebe mzigo mbichi hadi pwani. Mwani unauzwa nje ya nchi, lakini mgongo na macho vinabaki kuwa shida ya mama mwenyewe.

Najua wapo watakaosema: kajiajiri mwenyewe, ajitibu mwenyewe. Haya, tuseme kweli. Macho yakishaharibika anayelipa ni nani? Ni familia, ni watoto wanaoacha skuli, na ni sisi tuliopigiwa simu usiku tutume chochote. Gharama ipo tu, ila tunailipa wakati dawa haisaidii tena.

Wenzetu wamepata njia. Finland, mkulima au fundi aliyejiajiri anaweza kujiunga na huduma ya afya kazini, na serikali humrudishia sehemu ya gharama. Mtasema ile ni Ulaya, ina pesa. Sawa, tazameni Thailand: vituo vya afya vya vijijini ndivyo vinavyowapima wakulima damu kuangalia sumu za shambani. Hawakungoja kujenga hospitali mpya. Walitumia kituo kilekile ambacho mkulima anakwenda akiwa na homa.

Rai yangu ni hiyo. Huku Muscat mfanyakazi tayari anakaa mbele ya daktari kila kibali kinapoisha. Apimwe na masikio, macho na pumzi, na yaandikwe majibu pamoja na kazi anayofanya. Huko nyumbani, zahanati zifundishwe kuuliza swali moja kwa kila mgonjwa: unafanya kazi gani? Kikohozi cha seremala si sawa na kikohozi cha karani. Na wakaguzi wakienda mitaa ya mafundi, safari ya kwanza iwe ya kufundisha, faini baadaye. Fundi akiona mkaguzi ni wa kutoza tu, atafunga mlango.

Wakati tunawangoja wakubwa, nyinyi msingoje. Ukienda kwa daktari, mtajie kazi yako hata asipokuuliza, na mwambie aandike. Shemeji, wewe hasa nakwambia. Miwani ya kuchomelea naituma na mgeni anayekuja, na safari hii usimuazime mtu!

Nisalimieni wazee wote. Nangoja maoni yenu, hata ya kunipinga.

Wasalaam.