Zege Haifukuliwi

Nianze na kosa langu, nisije nikaonekana nawarushia wengine mawe. Miaka minne iliyopita nilinunua ploti nje kidogo ya Nakuru, hamsini kwa mia, kama mtu yeyote wa rika langu mwenye mshahara na mkopo wa sacco. Siku ya kuchimba msingi, kijana mmoja wa mjengo alininyooshea kiganja. Kilikuwa na vipande vya jiwe jeusi, vyenye makali, vinavyong'aa kama chupa iliyovunjika, pamoja na kigae cha chungu chenye mistari. "Na hii, bosi?" Nikamwambia atupe pembeni. Lori la kokoto lilikuwa limeshafika, na mafundi nawalipa kwa siku. Jioni zege ikamwagwa. Leo nalala juu yake.

Jina la jiwe lile nilikuja kulijua baadaye, nilipompeleka mpwa wangu kwenye makumbusho ya Hyrax Hill, kilomita chache kutoka mjini. Ni obsidiani, na watu wa kale wa Bonde la Ufa walichonga visu vyao kwa jiwe hilo. Mpwa wangu alipendezwa zaidi na vishimo vya bao vilivyochongwa mwambani. Mimi nilitoka pale nimenyamaza.

Nilipomsimulia mwandishi mwenzangu, mtu ninayemheshimu, alicheka. "Watu wanataka nyumba, wewe unataka vigae." Makala haya ni jibu langu kwake, na kwa wote wanaodhani akiolojia ni anasa ya wazungu wenye brashi.

Kwanza, sipingi nyumba. Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021, watu wanamiminika, nami ni mmoja wao. Ninachodai ni kwamba kabla ya tingatinga, mtu anayejua kusoma udongo apite, na pakiwa na kitu, pachimbwe kitaalamu na kuandikwa. Baada ya hapo jengeni hata ghorofa.

Kwa nini? Tazameni kilima chenyewe. Louis Leakey alikitambua mwaka 1926, na Mary Leakey akachimba mwaka 1937 na 1938. Alikuta makaburi ya wafugaji walioishi kabla ya zama za chuma, wanawake wamezikwa na sahani za mawe. Alikuta pia mashimo mapana, ya wakati wa karibu zaidi, ambayo leo tunayaita mashimo ya Wasirikwa. Kwa muda mrefu mashimo hayo yalichukuliwa kuwa nyumba, eti watu wa kale waliishi shimoni. Miongo kadhaa baadaye, watafiti wengine, John Sutton akiwa mmojawapo, walirudi na majembe na kusoma upya. Kumbe shimo lilikuwa zizi la ng'ombe. Nyumba yenyewe ilibanwa ubavuni mwa zizi, na juu ya ardhi karibu haionekani kabisa.

Hebu tulia hapo kidogo, wewe mpenda vitabu. Msomaji wa kwanza alisoma vibaya. Si aibu, sote tumewahi kusoma riwaya tukiwa na miaka kumi na saba na kuielewa kichwa chini. Aliyemsahihisha aliweza kwa sababu ukurasa bado ulikuwepo. Kama katikati ya wasomaji hao wawili pangejengwa estate, lile kosa lingekuwa ndilo neno la mwisho, na watoto wa Wakalenjin, ambao mapokeo yao yanawataja Wasirikwa hadi leo, wangefundishwa shuleni kwamba waliotangulia hapo walikaa shimoni kama pimbi.

Kilima kimepona kwa sababu kina ua na kilitangazwa kuwa turathi. Lakini watu wa kale hawakujua mpaka wa ua huo. Walichunga, wakazika na kuchonga mawe hata upande huu wa pili, ambako sasa kuna ploti, yangu ikiwemo. Zizi la Msirikwa likiwa kwenye ploti yako utaona bonde dogo tu, nawe utaagiza lori mbili za udongo ulifukie.

Sheria ipo, msiniambie haipo. Ile ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale atoe taarifa ndani ya siku saba. Ni sheria nzuri iliyotundikwa kwenye shingo isiyo yake. Inamngoja yule kijana wa kibarua, baada ya jembe kuvunja, aache ujira wa siku akatafute ofisi. Uingereza tangu 1990, na Ufaransa kwa sheria ya 2001, wamesogeza mzigo nyuma: ardhi huchunguzwa kabla ya ujenzi, na kwa kawaida gharama humwangukia anayejenga. Japani walikwenda mbali zaidi kule Sannai-Maruyama. Uchimbaji wa kabla ya kujenga uwanja wa besiboli ulifukua kijiji cha maelfu ya miaka, na mwaka 1994 mkoa ukasimamisha ujenzi uliokwisha kuanza. Sasa ni Urithi wa Dunia.

"Hao ni matajiri." Sawa. Lakini anayejenga estate ya nyumba mia mbili na geti la umeme naye si maskini. Nasi wenye ploti moja moja tungeridhika na mtu mmoja wa kaunti anayepita kuangalia mtaro kabla ya zege.

Kinachoniuma zaidi ni sisi waandishi. Tunalalamika kwamba historia yetu iliandikwa na wageni, halafu riwaya zetu za kihistoria zinaanza siku mgeni alipofika. Yaliyotangulia tunayaita "kabla ya historia" na kugeuza ukurasa, ilhali nakala yake pekee iko chini ya miguu yetu, na sisi ndio tunaoimwagia saruji.

Ploti ya jirani yangu bado ina nyasi. Ana bonde dogo kwenye kona, la mviringo. Ameniambia lori linakuja mwezi ujao, na amekubali, kwa shingo upande, nimlete mtu wa makumbusho kwanza. Nimemwomba pia fundi wangu namba ya yule kijana. Nataka kumuuliza alivitupa upande gani.