Spirit of Eden Haikukataliwa na Wasikilizaji
Imeandikwa, na bado inarudiwa, kwamba Spirit of Eden ya bendi ya Uingereza Talk Talk ni albamu ya wahakiki tu, na kwamba wasikilizaji waliipa kisogo. Hoja hiyo haisimami. Ilipotoka mwaka 1988 ilifika nafasi ya 19 kwenye chati ya Uingereza bila ziara yoyote ya kuinadi. Ni kweli ilikuwa chini ya albamu yao iliyotangulia, The Colour of Spring, iliyofika nafasi ya 8, na kampuni yao ya kurekodi, EMI, haikufurahia. Lakini hesabu za kampuni si masikio ya watu. Wahakiki wenyewe waligawanyika wakati ule. Sifa nyingi zinazotajwa leo zilikuja baadaye, watu wakiwa wameshainunua.

Atasema mtu kwamba walivutwa na jina la bendi. Sawa, jina huuza nakala za mwanzo. Haliwezi kueleza kwa nini albamu ilitolewa upya mwaka 1997 na tena 2012. Na wanaoiita muziki wa kubembelezea usingizi wausikilize wimbo wake “Desire” hadi mwisho: sauti ya mwimbaji Mark Hollis inajikokota juu ya ukimya, kisha ngoma na magitaa vinalipuka kwa kishindo kisichomwacha mtu alale.