WALIMU WA MPIRA WA VYUO VIDOGO WATAMBULIWE

Ipo kazi moja ya umma ambayo haina cheo wala mshahara wake, na mara nyingi haina hata mstari mmoja katika jalada la mtumishi. Ni kazi ya kufundisha mpira wa miguu katika vyuo vidogo. Mkufunzi hupangiwa vipindi vyake vya Hisabati au Jiografia, akavimaliza, na ifikapo saa kumi alasiri akashika filimbi. Timu ikishinda, sifa ni za chuo. Ikifungwa, huulizwa yeye.

Twayasema haya kwa kuzitazama wilaya za Karagwe na Kyerwa. Hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja. Zilipogawanywa, timu za kuandaliwa ziliongezeka, lakini kugawa wilaya hakuzai walimu wa mpira. UMITASHUMTA na UMISSETA huja katikati ya mwaka, wakati kahawa inachumwa na mzazi anamhitaji kijana wake shambani. Anayekwenda nyumbani kumwomba mzazi huyo ni mwalimu wa timu, na nauli ya kumfikisha huko, Murongo au Nkwenda, ni yake mwenyewe.

Na huyo mwalimu wa shule, naye alifundishwa wapi? Hapa ndipo chuo kidogo kinapoingia. Mwanachuo wa ualimu hukaa miaka miwili au mitatu, kisha huondoka. Kocha wa klabu huweza kumlea mchezaji kwa miaka kumi. Kocha wa chuo humpoteza mara tu anapoanza kuiva. Ndiyo maana kumpima kwa idadi ya vikombe ni kumwonea. Mazao yake hayamo kabatini kwa mkuu wa chuo. Yamo katika viwanja vya shule za msingi, ambako wanafunzi wake wa jana leo wanafundisha watoto kupiga pasi. Kijana aliyejifunza kupanga mazoezi pale Katoke huweza kujikuta Kyerwa, au akapanda boti kwenda Goziba. Wasomaji wetu wa Bumbire, Goziba na Ikuza hawahitaji kuelezwa. Kisiwani, ambako sehemu tambarare mara nyingi ni ile ile inayoanikwa dagaa, mwalimu mmoja anayejua mpira ndiye chama, ndiye ligi, ndiye kila kitu.

Taifa limekwisha kuona ukocha unavyoweza kumfikisha mtu mbali. Marehemu Joel Bendera alikuwa miongoni mwa walimu wa Taifa Stars iliyokwenda Lagos mwaka 1980 kucheza fainali zetu za kwanza za Kombe la Mataifa ya Afrika. Baadaye akawa Mbunge, Naibu Waziri mwenye dhamana ya michezo, kisha Mkuu wa Mkoa. Hemed Suleiman, maarufu kwa jina la Morocco, aliiongoza Zanzibar hadi fainali ya Kombe la Chalenji huko Kenya, Desemba 2017, ikashindwa na wenyeji kwa penalti tu. Januari 2024 alikabidhiwa Taifa Stars katikati ya mashindano nchini Ivory Coast, baada ya Adel Amrouche kusimamishwa. Na Novemba mwaka huo huo akaifikisha kwenye fainali za 2025 kwa kuifunga Guinea bao 1-0 jijini Dar es Salaam. Ni safari ya heshima. Lakini Bendera na Hemed walikuwa na chama nyuma yao na waandishi mbele yao. Mkufunzi wa chuo kidogo hana hata mmoja wa hao, na akihamishwa Januari, timu yake hufa Februari.

Wapo watakaosema kwamba madawati yatangulie, mpira ufuate. Hoja hiyo si ngeni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule ilisimamishwa kwa miaka kadhaa, kisha Serikali yenyewe ikairudisha. Timu huweza kukusanywa kwa majuma matatu. Mwalimu wa timu hapatikani hivyo, na pengo la miaka ile lilikuwa la walimu zaidi kuliko la wachezaji.

Tunawaomba viongozi wanaohusika mambo yaliyo ndani ya uwezo wao. Wizara ikubali kuwa saa za uwanjani ni saa za kazi, nazo ziandikwe katika tathmini ya mkufunzi kama zinavyoandikwa za darasani. Kabla mwalimu wa timu hajahamishwa, apewe muda wa kumwachia mwenzake filimbi na daftari lake. Shirikisho la soka, TFF, lilete Kayanga kozi ya ukocha ya ngazi ya awali, badala ya kungoja mtu wa Murongo aifuate mijini. Nacho Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya hakiko ng'ambo. Kiko Kwimba, mkoani Mwanza. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa, pamoja na Muleba yenye visiwa, zinaandaa bajeti kila mwaka kabla ya Julai. Ada ya mwalimu mmoja mmoja wa kwenda Malya ni kifungu kidogo mno kukosa nafasi humo, na Maofisa Michezo wa wilaya ndio wa kukipeleka mbele ya madiwani.