Acheni Kumpa Pole Mtoto wa Pekee

Wiki hii podikasti yangu inatimiza miaka mitatu. Nairekodi hapa Sumbawanga, mtaa wa Katandala, usiku, bodaboda zikishapungua na upepo unaoshuka kutoka milima ya Mbizi ukishatulia. Pongezi zimekuja nyingi, nami nawashukuru wote walionitumia. Ila nyingi kati ya hizo zimekuja na pole ndani yake. "Hongera mwanangu, maana ulikuwa huna wa kuongea naye." "Afadhali umepata cha kukuondolea upweke." Mzee mmoja ninayemheshimu alinishika mkono sokoni, mbele ya watu, akasema Mungu akikunyima ndugu hukupa kipaza sauti. Waliokuwepo wakatikisa vichwa kukubali.

Kwa baba na mama nimezaliwa peke yangu. Sina kaka wala dada wa tumbo moja. Imani iliyomo ndani ya pole hizo naifahamu tangu darasa la kwanza: mtoto wa pekee amepungukiwa. Amedekezwa. Hajui kugawana. Ana kiburi, hawezi kukaa na watu, na wazazi wakishafariki atabaki mkiwa. Imani hii ni ya uongo. Na uongo huu una gharama, tena anayeilipa zaidi si mtoto, ni mama yake.

Nianze na huyo mama. Kipindi kilichosikilizwa kuliko vyote tangu tuanze ni kile nilichomkalisha mama yangu mbele ya simu. Ilikuwa masika, mvua inapiga bati hata sauti haisikiki, tukasubiri ipungue. Alikuwa na ungo wa maharage mapajani, anachambua, na hakuuweka chini muda wote aliokuwa anaongea. Ukisikiliza vizuri utasikia punje zikigonga ungo. Akasimulia kwamba baada ya kunizaa damu haikukata. Mkunga alijaribu kila alichojua. Ikatafutwa gari, akafikishwa hospitali amelazwa juu ya magunia, akafanyiwa upasuaji, kizazi kikaondolewa ili yeye apone. Alikuwa na miaka ishirini na mbili.

Hiyo ndiyo sababu ya mimi kuwa peke yangu. Haina fumbo lolote. Lakini katika ukoo hakuna aliyekuja kumwuliza mwenyewe. Walisema kizazi kimefungwa. Walisema kuna mtu alimkosea. Wengine wakaenda mbali zaidi, wakasema ameuza uzazi kwa ajili ya duka la baba. Wifi yake mmoja akamletea chupa ya dawa ya mizizi, imefungwa kitambaa chekundu shingoni, anywe alfajiri kabla hajasemezana na mtu. Mama akainywa. Nikamwuliza kwenye kipindi, ulikunywaje dawa ya kufungua kizazi na wewe huna kizazi? Akajibu kwamba angekataa wangesema kumbe anajua alichokifanya. Na upande wa pili baba alikuwa anashauriwa akatafute watoto kwingine kabla nguvu hazijamwishia. Baba hakwenda. Wapo wengi waliokwenda, na wake zao wamenitumia ujumbe kutoka Namanyere, Laela, Mpui na Matai baada ya kipindi kile. Wengine wametuma sauti, na nyingine sikuweza kuzimaliza kwa kikao kimoja.

Mwanamke anaweza kuishia kwa mtoto mmoja kwa njia nyingi. Damu iliyomwagika wakati wa kujifungua. Maambukizi baada ya uzazi yaliyoziba mirija. Mimba iliyoharibika bila kutibiwa vizuri. Mume ambaye mbegu zake zimepungua, na ambaye hajawahi kufikiria kwamba anaweza kupimwa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takribani mtu mmoja kati ya sita duniani hupata tatizo la uzazi katika maisha yake, na wamo ndani yao waliozaa mara moja wakakwama. Halafu wapo walioamua. Wamepiga hesabu ya ada, ya shamba, ya afya ya mama, wakasema huyu anatosha. Uamuzi huo nao haudai maelezo kwa mtu yeyote.

Nchi yetu ilihesabu vifo 556 vya kinamama kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa afya wa mwaka 2015/16. Utafiti wa mwaka 2022 ukakuta 104. Tunajivunia, na tuna haki ya kujivunia. Lakini ndani ya kushuka huko wamo wanawake waliovutwa kutoka mdomoni mwa kaburi, na baadhi yao waliacha kizazi kwenye meza ya upasuaji. Huyo aliyepona anarudi nyumbani na kichanga chake, na swali la kwanza analokutana nalo kichanga kikianza kutembea ni: wa pili lini? Mwaka wa tatu swali linageuka kuwa shutuma. Nimechoka kuona watu wazuri, waumini, walimu, wauguzi kabisa, wakilitupa swali hilo kama salamu.

Sasa tumtazame mtoto mwenyewe, huyu anayesemwa kuwa ameharibika. Wanaotaka kuonekana wasomi huniambia hata wazungu wamethibitisha. Kweli, maneno haya yaliandikwa huko mapema. Katika miaka ya 1890, kwenye Chuo Kikuu cha Clark nchini Marekani, E. W. Bohannon, mwanafunzi wa mwanasaikolojia G. Stanley Hall, alituma dodoso akiwauliza watu kuhusu watoto wanaowaona kuwa si wa kawaida. Majibu yalipokuja akawaona watoto wa pekee ni wengi humo, na mwaka 1898 akaandika juu yao kwamba ni wagonjwa-wagonjwa, wamedekezwa, hawajui kucheza na wenzao. Angalia alichokipima. Aliwauliza watu wamtajie mtoto wa ajabu, nao wakamtajia yule waliyekwisha amini kuwa ni wa ajabu. Dodoso la namna hiyo ukilileta leo Sumbawanga utapata majibu yale yale, na utakuwa umejifunza juu ya wajibuji tu.

Walipokuja watafiti waliopima watoto wenyewe, hadithi ilibadilika. Mwaka 1986 Toni Falbo na Denise Polit walikusanya tafiti 115 wakazichambua kwa pamoja. Katika tabia, katika kukaa na watu, mtoto wa pekee hakuonekana kuwa nyuma ya wenzake. Katika ari ya kufanikiwa na katika uhusiano na wazazi alikuwa mbele kidogo. Upo pia utafiti unaosema vingine, nao sitauficha: mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha matokeo ya vijana wa Beijing, yakionyesha kwamba waliozaliwa baada ya serikali ya China kuweka sheria ya mtoto mmoja, mwaka 1979, hawakuwa wepesi wa kumwamini mtu wala wa kushindana kama waliowatangulia. Wanaonipinga wanaupenda sana utafiti huo. Nami nawaambia wausome kwa utulivu. Hao ni watoto wa kizazi kilichoamriwa, katika jiji ambako jirani naye ana mmoja, shangazi ana mmoja, dawati zima la shule ni watoto wa pekee watupu. Mtu wa Katandala anajifunza nini hapo kuhusu mtoto aliyekulia kwenye uwanja wenye watoto kumi wa majirani?

Maana sisi hatuna upungufu wa watoto. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Rukwa watu 1,004,539. Ya mwaka 2022 ikahesabu 1,540,519. Mtoto wa pekee wa hapa hakui ndani ya geti peke yake. Nimekula kwenye sinia za watu wengine tangu najua kushika tonge la ulezi. Nimepigwa na watoto wa jirani na nimewapiga. Watoto wa mama mdogo ni ndugu zangu, watoto wa baba mkubwa ni ndugu zangu, hivyo ndivyo tunavyohesabiana siku ya harusi na siku ya msiba. Inakuwaje siku ya kumsema mama yangu hesabu inabadilika, na ndugu anakuwa yule tu aliyetoka tumboni mwake?

Wanaonisuta kwa kidole kimoja hakivunji chawa, methali hiyo naikubali yote. Naikubali kwa sababu haikusema vidole vyote vizaliwe na mama mmoja. Na kama kuna sehemu ambayo watu wake walilijua hilo zamani, ni nyanda hizi za juu kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Rukwa. Mwanaanthropolojia Mwingereza Roy Willis alikaa Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na katika maandishi yake, kikiwemo kitabu A State in the Making cha mwaka 1981, alieleza jambo lililomshangaza: kijiji cha Wafipa hakikuwa ukoo mmoja uliokaa pamoja. Watu wasio na nasaba moja walihamia, wakajenga, wakaishi kwa ujirani na kwa kuongea.

Tazama ntumba, yale matuta ya duara yanayotapakaa kwenye miteremko yetu mvua zinapoelekea mwisho. Huku miti ni michache, hatukuwa na msitu wa kukata na kuchoma tupate majivu ya kurutubisha udongo kama jirani zetu wa kusini. Mababu walikata nyasi pamoja na udongo wake kwa jembe, wakazigeuza ndani nje, wakarundika duara juu ya majani mengine ili yaozee humo yawe mbolea. Juu wakapanda maharage. Msimu uliofuata tuta likatawanywa, ukapandwa ulezi. Kazi hiyo inavunja mgongo. Nani aliifanya? Walialikana. Mwenye shamba aliandaa pombe ya ulezi, majirani wakaja na majembe yao, kesho wakaenda kwa mwingine. Mwenye watoto tisa alialika, na mwenye mmoja alialika. Hakuna aliyesimama kwenye kingo za shamba kuuliza wewe una ndugu wangapi.

Kuna hoja moja ya wakubwa ninayoiheshimu, ya hofu. Bibi yangu aliniambia waziwazi kwamba mwenye mtoto mmoja hana mtoto, na hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amezika. Hata mwaka 2004/05, utafiti wa taifa ulikuta watoto 112 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano, na enzi za bibi hali ilikuwa mbaya kuliko hapo. Mwaka 2022 walikuwa 43. Bado ni wengi, na kila mmoja ana mama yake. Lakini ushauri uliotoka kwenye makaburi ya wakati ule hauwezi kuendelea kutolewa leo kwa sauti ile ile. Dawa ya hofu ya bibi ni chanjo, chandarua na zahanati yenye mtu zamu ya usiku. Mwanamke aliyekwisha kukatwa kizazi hana cha kuongeza.

Na uzee? Wananiuliza, mama akiugua utamwuguza na nani? Swali ni la haki, na sidai kuwa mzigo ni mwepesi. Baba alipougua niliufahamu uzito wake, hasa zile saa za kusaini karatasi ambapo hakuna wa kumpigia simu ukamwambia tuamue pamoja. Ila niliwaona pia wenye ndugu saba kwenye wodi ile ile. Mara nyingi aliyekesha pale alikuwa mmoja, binti yule yule, na wale sita walikuwa na sababu zao Mbeya na Dar es Salaam. Nilichokuwa nacho mimi ni zamu ya kinamama wa jumuiya yetu, uji kila asubuhi kwenye chupa ya chai, na vijana wa mtaa waliolala chini ya kitanda. Wazazi wangu walikuwa wamewafanyia hivyo hivyo majirani hao kwa miaka. Anayetaka kujua uzee wa mtu utakuwaje aangalie namna anavyoishi na watu leo, asihesabu watoto wake.

Kuhusu podikasti, sikuianza kwa upweke. Nimekua nikikaa na watu wazima, nikiwasikiliza wakipatana bei ya mahindi, wakisuluhisha kesi za mipaka, wakiulizana habari za Kasanga na za Tunduma. Nilijifunza kunyamaza mpaka mtu amalize anachosema. Ndiyo kazi ninayoifanya mbele ya simu hadi leo, na nimeitoa hapo hapo walipodhani sikupata kitu.

Msimu wa nne unaanza mwezi ujao, na nimeamua utaanza na akina baba wenye mtoto mmoja. Wanne wamekubali kuja na kutaja majina yao. Mmoja alikwenda kupimwa baada ya kumfukuza mke wa kwanza na kuzaa mara moja tu na wa pili, na majibu anayo mkononi. Anataka kuyasoma mwenyewe, na amemwomba mke wa kwanza awepo.