Bildi na Jicho la Angani





Siku hizi kina kifupi cha bahari chaweza kukadiriwa kwa picha za setilaiti. Mwanga mwekundu humezwa na maji katika meta chache tu, bali wa kijani na wa buluu hupenya zaidi, ukagonga mchanga na kurudi juu. Kwa kulinganisha rangi hizo, mtu hukadiria kina. Setilaiti za Sentinel-2, zilizorushwa na nchi za Ulaya tangu mwaka 2015, huona vipande vya meta 10 kwa 10, na picha zake hutolewa bure.

Basi wako wenzetu wasemao kwamba ujuzi wa wavuvi wa Msimbati na Msanga Mkuu sasa hauna kazi. Mimi sikubali. Picha haijui pima wala meta. Huonyesha rangi tu, mpaka ilinganishwe na vina vilivyopimwa kweli. Penye majani ya baharini chini huwa peusi, na picha yaweza kudanganya kwamba maji ni marefu. Mlangoni mwa Ruvuma, wakati wa mvua, tope huzuia mwanga usifike chini. Tena maji ya bamvua hupanda na kushuka kiasi cha meta 3, na picha haisemi ilipigwa maji yakijaa au yakipwa.

Kwa upande mwingine, wazee wasidharau picha. Mafungu ya mchanga huhama, na hakuna mtu awezaye kutupa bildi kila mahali.

Shauri langu ni hili. Kutoka Naliendele hadi pwani si mbali. Kila muhula wanafunzi wachache waende na mwalimu na nahodha mzee, kwa idhini ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Watupe bildi, waandike mahali, saa na kina, kisha walinganishe na picha.

Wengine watasema mtihani u karibu. Lakini fizikia na jiografia tunazokariri darasani ndizo hizo hizo. Na fungu lililohama bila kujulikana halingoji mtihani wetu. Hungoja mashua ya baba zetu usiku.