Yaya akinywa "moja tu" mchana, nani amebaki na mtoto?

Julai 2025 serikali ya Kenya ilizindua sera mpya ya kitaifa ya kudhibiti pombe na dawa za kulevya, na mitandao ikawaka moto. Vijana walikasirikia pendekezo la kupandisha umri wa kununua pombe kutoka miaka 18 hadi 21. Wafanyabiashara nao walilalamikia mpango wa kuzuia uuzaji wa pombe mtandaoni na kwenye supamaketi.

Gumzo lote likawa: nani auziwe, na auziwe wapi?

Kuna swali lingine ambalo halikupata nafasi. Mtu aliyeachiwa mtoto asubuhi, awe yaya wa nyumbani au mama wa beibikea mtaani, anaruhusiwa kunywa kabla mzazi hajarudi? Hata chupa moja ya bia na chakula cha mchana?

Jibu la makala hii ni hapana, hata moja. Lakini ukisema hapana halafu uishie hapo, umemwachia yaya mzigo wote peke yake. Tuanze na sheria.

Sheria inazungumzia kulewa

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, inaorodhesha makosa makubwa yanayoweza kumfanya mfanyakazi afutwe papo hapo bila notisi. Mojawapo ni kulewa saa za kazi hadi mtu akashindwa, au akawa hayuko tayari, kufanya kazi yake ipasavyo.

Soma tena. Kifungu hicho hakizungumzii chupa ya kwanza. Kinazungumzia mtu ambaye tayari ameshindwa na kazi.

Kwa kazi nyingi hilo linaeleweka. Karani aliyelewa atakosea hesabu, bosi ataiona kesho, itarekebishwa. Fundi aliyelewa atapinda ukuta, utabomolewa ujengwe upya. Kazi ya kulea mtoto haina kesho ya kurekebisha. Mtoto wa miezi kumi akipaliwa na kipande cha kiazi, una dakika chache sana. Akitambaa hadi kwenye beseni la nguo au jiko lenye sufuria ya maji moto, una sekunde.

Kwa hiyo kipimo cha "ameshindwa na kazi" kinafika kikiwa kimechelewa. Siku ambayo itathibitika kwamba yaya alikuwa amelewa kiasi cha kushindwa, kuna uwezekano mkubwa tayari kuna mtoto hospitalini.

Ajabu ni kwamba sheria zetu zinajua vizuri kwamba pombe na watoto wadogo havikai pamoja. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile wengi wanaiita Sheria ya Mututho, inataka baa iwe angalau mita 300 kutoka shule, na shule za chekechea zimetajwa humo. Inaziruhusu baa kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana wikendi. Nayo Katiba, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya kutelekezwa na kudhulumiwa.

Baa tumeisogeza mbali na mtoto. Glasi iliyo mkononi mwa anayemlea bado hatujaizungumzia.

Kwa nini "moja tu" si moja

Utetezi unaosikika sana ni huu: bia moja haimlewishi mtu mzima. Huenda ni kweli, kama kulewa maana yake ni kuyumbayumba na kupiga kelele.

Tupige hesabu. Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5 ya kileo ina mililita 25 za kileo halisi, ambayo ni karibu gramu 20. Ini la mtu mzima kwa kawaida huchukua saa mbili hadi tatu kukimaliza kiasi hicho. Kahawa haiharakishi. Maji baridi usoni hayaharakishi. Kula vizuri kunapunguza kasi ya pombe kuingia kwenye damu, lakini hakuifuti.

Aliyekunywa saa saba mchana, basi, anaweza kuwa bado na pombe mwilini saa tisa mtoto anapoamka na kuanza kuzunguka nyumba. Pombe kidogo haikuangushi. Inachofanya ni kupunguza kasi ya kugundua jambo na kulikimbilia, na kukuongezea imani kwamba uko sawa. Kwa kazi ya kuangalia mtoto, hivyo ndivyo vitu viwili unavyovihitaji zaidi: macho ya haraka, na shaka kidogo.

Halafu kuna usingizi. Mchana mtoto akilala, mlezi naye mara nyingi hujilaza kando yake, kitanda kimoja. Madaktari wa watoto wamekuwa wakionya kwa miaka kwamba mtu aliyekunywa pombe asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga, kwa sababu hatari ya kifo cha ghafla cha mtoto usingizini inapanda. Mtu mzima aliyekunywa hulala usingizi mzito na anaweza kumlalia mtoto bila kujua. Onyo hilo linamhusu pia aliyekunywa kidogo.

Wenzetu wameandikaje?

Uingereza wana mfano mzuri wa kuangalia, kwa sababu kanuni yao imeandikwa wazi. Mwongozo wa lazima kwa vituo vya watoto wadogo nchini England unasema mhudumu asiwe chini ya athari ya pombe wala kitu kingine chochote kinachoweza kupunguza uwezo wake wa kutunza watoto. Anayetumia dawa za hospitali ambazo zinaweza kumwathiri anatakiwa kutafuta kwanza ushauri wa daktari.

Linganisha na udereva. Dereva wa England ana kipimo cha namba: miligramu 80 za kileo kwa kila mililita 100 za damu. Mlezi wa watoto hakuwekewa kipimo cha kujitetea nacho. Hawezi kusema "niko chini ya kiwango". Swali ni kama pombe inaweza kumwathiri.

Si jambo jipya kwao. Tangu 1902 sheria yao inamtia hatiani mtu anayekutwa amelewa hadharani huku amebeba dhamana ya mtoto wa chini ya miaka 7.

Lakini kuna kitu cha pili katika mwongozo huohuo ambacho ni muhimu kuliko cha kwanza. Unaweka idadi ya watoto kwa kila mhudumu. Kwa walio chini ya miaka 2, mhudumu mmoja kwa watoto watatu. Kituo chenye watoto wachanga tisa kinahitaji watu wazima watatu, maana yake kuna jicho la mwenzako. Mmoja akija kazini ananuka pombe, wa pili atajua kabla ya mzazi.

Hapo ndipo sisi tunapokwama.

Mlezi wetu yuko peke yake

Yaya wa Nairobi hana mwenzake kazini. Yuko nyumbani kwa mtu, mlango umefungwa, bosi yuko mjini. Mama wa beibikea kule Mukuru au Kibera naye mara nyingi ni mtu mmoja, chumba kimoja cha mabati na watoto kadhaa, na wazazi wengi wanamlipa kwa siku, pesa ambazo hazitoshi kuajiri msaidizi. Kaunti ya Nairobi ina sheria yake ya vituo vya malezi ya watoto tangu 2017, lakini sheria inayotaka usajili haiwezi kuona kinachoendelea ndani ya chumba saa nane mchana.

Unaweza kubandika kanuni ya "pombe marufuku" ukutani. Nani ataisimamia? Mtoto wa mwaka mmoja hawezi kuripoti.

Wazazi wengine wamekimbilia kamera. Kamera inasaidia kujua kilichotokea. Haimkimbilii mtoto aliyepaliwa, na haioni kilichomo kwenye kikombe cha chai.

Siku ya kazi inaisha saa ngapi?

Hapa kuna kona ambayo mabosi wengi hawapendi kuingia. Tunasema yaya asinywe saa za kazi. Sawa. Saa za kazi ni zipi?

Agizo la jumla la mishahara linaweka wiki ya kazi isiyozidi saa 52, kwa siku sita. Sheria ya Ajira nayo inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Sasa mchukue yaya wa kulala ndani anayeamka saa kumi na moja alfajiri na kuingia kitandani saa tatu usiku. Hizo ni saa 16. Zidisha kwa siku sita, unapata saa 96. Na mtoto akilia saa nane usiku, ni nani anaamka?

Kwa mtu wa namna hiyo, "usinywe saa za kazi" maana yake ni "usinywe kamwe", kwa sababu kazi haina mlango wa kutokea. Karani anaweza kutoka ofisini saa kumi na moja na kupitia baa. Dereva wa matatu anaweza kukabidhi gari. Yaya anamkabidhi nani mtoto?

Agizo la mishahara la 2024 liliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi kuwa Sh16,113.75 kwa mwezi. Wengi hawaioni hiyo hela, na hiyo ndiyo kazi tunayoitaka ifanywe kwa umakini wa rubani.

Kuna na hili. Wikendi kuna sherehe nyumbani, wageni wamejaa, na bosi mwenyewe ndiye anamwambia yaya, "Chukua na wewe moja, leo tunafurahi." Jioni hiyohiyo yaya ndiye anayewaogesha watoto na kuwalaza, kwa sababu wazazi wamekunywa. Katika nyumba hiyo mtu mzima pekee aliyetarajiwa kubaki na akili timamu ndiye analipwa kidogo kuliko wote, na ndiye amepewa bia. Kesho yake likitokea jambo, nani atalaumiwa?

Kuna watakaosema: mbona wazazi wenyewe wanakunywa mbele ya watoto? Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana kanuni nzuri haimtaji yaya. Inasema hivi: wakati wowote mtoto mdogo yupo, lazima kuwe na mtu mzima mmoja anayejulikana kwa jina ambaye hajanywa. Leo anaweza kuwa yaya. Jumamosi usiku, baada ya yaya kutoka kazini, ni baba au mama.

Ufanye nini kesho asubuhi

Kama umeajiri yaya, au unampeleka mtoto beibikea, mambo haya hayahitaji Bunge:

- Semeni mapema. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi unatakiwa kuwa wa maandishi. Ongeza sentensi moja: hakuna pombe kuanzia anapopokea mtoto hadi anapomkabidhi.

- Wekeni saa ya makabidhiano. Yaya ajue kazi inaisha saa ngapi na ni nani anampokea mtoto. Baada ya hapo muda ni wake, na anachokunywa siku yake ya mapumziko hakikuhusu, mradi arudi kazini akiwa mzima.

- Usimpe wewe. Ukimpa bia kwenye sherehe, umemwachisha kazi kwa jioni hiyo. Mlaze mtoto mwenyewe.

- Beibikea: uliza kuna watu wazima wangapi. Swali hilo litakupa mengi kuliko kuuliza kama mwenyewe anakunywa. Wazazi wa ploti moja wanaweza kuchangia mtu wa pili hata kwa saa za mchana tu.

- Ukinusa pombe, mchukue mtoto kwanza. Maneno baadaye. Kesi ya mtu aliyekunywa haizungumzwi akiwa bado amekunywa.

- Usimfukuze usiku huohuo. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinampa mfanyakazi haki ya kuelezwa kosa lake kwa lugha anayoielewa, mbele ya mtu anayemchagua, na kusikilizwa, hata pale kosa ni kubwa. Anayekunywa kila siku mchana huenda ni mgonjwa wa pombe anayehitaji matibabu. Mtoto asibaki naye, lakini kumtupa barabarani na begi lake kunamhamishia tatizo mzazi mwingine ambaye hajui lolote.

Kwa ushauri kuhusu uraibu wa pombe, NACADA wana laini ya bure ya 1192. Ukiona mtoto ametelekezwa au yuko hatarini, hata kama si wako, laini ya kuwasaidia watoto ni 116, nayo ni bure.