Picha ya kwenye simu isikuvunjie nyumba

Mwezi huu nakuletea kisa nilichokutana nacho Samunge, kule Ngorongoro. Ndicho kile kijiji ambacho mwaka 2011 watu walikiita Loliondo tu, walipokuwa wakimiminika kunywa kikombe cha Babu, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, aliyefariki mwaka 2021. Nilikwenda kumtembelea mdogo wangu anayefanya kazi huko. Sijatua hata begi, wifi akanivuta jikoni.

"Wifi, mdogo wako ana mtu."

Nikamuuliza ushahidi uko wapi. Akasema zamani ukiwasha simu ya mumewe, kabla hata ya kuweka paswedi, unamwona yeye na gauni lake la harusi. Sasa pale pana picha ya mlima Ol Doinyo Lengai na saa kubwa! Isitoshe, meseji ikiingia haionyeshi jina wala maneno, inasema tu kuna ujumbe mpya. "Kama yuko safi, anaficha nini?"

Enzi za simu za tochi mambo haya hayakuwepo. Ulibonyeza vitufe viwili, simu ikafunguka, basi. Leo ule uso wa simu iliyofungwa umekuwa kama sebule, kila mtu anataka kuipamba atakavyo. Hata wenye kampuni hawajaelewana. Mwaka 2012 Google waliruhusu wenye Android 4.2 kuweka vijidirisha vya barua pepe, kalenda na kadhalika hapo nje, kisha mwaka 2014 wakaviondoa kwenye Android 5.0. Apple nao kwa miaka mingi walikuachia ubadilishe picha tu, hadi Septemba 2022 ilipokuja iOS 16 ndipo ukaweza kuchagua maandishi ya saa, rangi na vijidirisha.

Wapo wanaosema simu ni yangu, nimeinunua kwa jasho langu, niacheni niipambe. Wengine wanasema unachokiweka nje ndicho atakachokisoma kila apitaye. Na wapo wasio na la kuchagua kabisa: simu ni ya mkopo, ukichelewesha rejesho muuzaji anaifunga hukohuko aliko, uso wa simu unabaki kukudai deni!

Usiku baada ya kula nikamwuliza mdogo wangu mbele ya mkewe. Akacheka kwanza, kisha akanuna. Kumbe yeye ndiye mweka hazina wa kikoba chao. Siku moja simu ilikuwa mezani, mgeni akasoma meseji ya mwanachama anayeomba aongezewe muda wa kulipa. Kesho yake habari ilikuwa imezagaa. Ndipo akaficha meseji. Na picha? "Dada, nimeupenda mlima tu."

Nikamwomba wifi simu yake. Hapo nje pana picha ya mtoto wao wa mwisho. Mume hayupo! Wote tukacheka.

Lakini mimi nilikuwa na langu la kuwaambia. Mwaka 2011 nilikuja Samunge nikimsindikiza shangazi yangu. Tulikaa kwenye ile foleni ndefu ya magari, tukalipa shilingi 500, tukageuza. Tukiwa njiani kurudi, tumeipita Engaruka, mzee mmoja aliyesafiri peke yake akalegea kitini, jasho linamtoka, haongei. Simu yake ilikuwa mfukoni, imefungwa kwa namba ya siri. Tulijaribu mara mbili, tukaogopa. Hatukujua jina lake, hatukujua anaumwa nini.

Tulipokaribia Mto wa Mbu ile simu ikaita, na simu ikiita unaipokea bila paswedi. Alikuwa mkewe. Hata salamu hakusubiri, akauliza, "Amekula?" Ndipo tukajua mzee ana kisukari na anatumia sindano. Dereva akakanyaga mafuta hadi kituo cha afya, tukawaeleza wauguzi. Mzee alipona. Mpaka leo najiuliza, yule mama asingepiga ingekuwaje?

Mdogo wangu akachukua simu yake, akaingia kwenye mipangilio. Asubuhi nikaiona: mlima uko palepale, meseji bado zimefichwa, ila chini ya saa pameandikwa "Dharura, mpigie mke wangu", na namba ya wifi. Wifi hakusema kitu, lakini chai ya siku hiyo ilikuwa na maziwa mengi.

Msomaji wangu, kuficha meseji peke yake si ushahidi wa usaliti, na picha yako kuwekwa pale si hati ya ndoa. Uliza kabla hujahukumu. Akikataa hata kuzungumza, hapo shida si picha, ni mazungumzo. Halafu kabla hujalala leo, wewe na mwenzi wako wekeni jambo moja kwenye simu zenu: nani apigiwe na mnaumwa nini. Kwenye iPhone nafasi hiyo ipo tangu mwaka 2014, na kwenye Android tangu mwaka 2016, mtu anaisoma kupitia sehemu ya dharura bila kufungua simu. Mapambo mengine chagueni wenyewe.

Tukutane mwezi ujao panapo majaliwa.